Jina la Elinipa Lirudishwe Kwenye Kazi Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo sitatanguliza muziki. Nina hasira, na nitawaeleza kwa nini.

Juzi tumemzika Dokta Elinipa Sumari, mwanahisabati, mzaliwa wa Akeri, juu ya Usa River. Saratani imemchukua angali kijana. Amekufa jina lake likiwa limefutwa kwenye kazi aliyoifanya mwenyewe. Narudia: kazi aliyoifanya mwenyewe.

Kazi gani? Matriki ni namba zilizopangwa kwa safu, za mlalo na za wima. Ukibadili namna ya kuzitazama, namba karibu zote zinabadilika. Lakini yapo machache yasiyobadilika. Jumlisha zile za ulalo, kutoka pembe hadi pembe: jibu ni lile lile. Elinipa alithibitisha kwamba, kwa aina moja ya aljebra, yaani mkusanyiko wa matriki zinazojumlishwa na kuzidishwa pamoja, hayo machache yanatosha kukuambia ndani imejengwa kwa vipande gani. Alihangaika na swali hilo kwa miaka. Dada yake, Tabea, anakumbuka siku walipokuwa wakichuma kahawa, Elinipa akasimama ghafla, akacheka peke yake.

"Nilidhani anaumwa," anasema Tabea. "Kumbe limekubali."

Akampa mkuu wa idara yake aisome. Chuo sikitaji, mwanasheria wetu ameniomba. Baadaye mkuu huyo alisimama kwenye mkutano wa wanahisabati, hapa hapa Arusha, akaiwasilisha kama yake. Elinipa alikuwa ameketi ukumbini. Hakupiga kelele. Alimwomba tu aeleze kwa nini hoja ile haifanyi kazi kwenye aljebra nyingine. Bwana yule akanywa maji. Akasema muda umekwisha.

Wiki hiyo hiyo Elinipa akasimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Utovu wa nidhamu, kwa kuuliza swali! Wenzake ukumbini walijua kazi ni ya nani. Wakanyamaza. Mumewe, Gerson, anasema wanafunzi waliendelea kumfuata nyumbani Sekei, naye akawafundisha mpaka sauti ilipokata.

Sasa sikilizeni. Kwenye mazishi, mkuu yule yule wa idara, profesa, alikuja na shada la maua. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba chuo kitampa Elinipa heshima: ukumbi utaitwa kwa jina lake. Tabea akainuka, akamsogelea.

"Shikamoo, Profesa," alisema. "Ukumbi hatuutaki. Rudisha jina lake kwenye kazi yake."

Akapokea kipaza sauti, akampa mchungaji. Profesa akaondoka katikati ya wimbo.

Shemeji Gerson, dada Tabea, na mama yetu kule Akeri, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na ninyi mliokuwa kwenye mkutano ule, najua mnanisikia. Jana mmoja wenu alinipigia. Amekubali kusema hadharani, kwa jina lake, alichokiona. Nyinyi wengine, mmeshamwacha akazikwa. Mnasubiri nini tena?