Mama Odile, Roboti na Shingo Yake Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mama Odile anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kumkabidhi daktari visu katika chumba cha upasuaji cha hospitali yetu hapa Kasongo. Visu, na amri pia. Madaktari wamekuja na kuondoka, na kila mmoja aliondoka akijua kunawa mikono sawasawa, wengine kwa kulazimishwa.

Sauti yake inajulikana hadi sokoni. Ndiyo aliyowasimangia wagonjwa wa goita, ule uvimbe wa shingo, waliotetemeka mbele ya kisu. Mvuvi mmoja wa Nyangwe aliambiwa aone haya, mwanaume mzima!

Basi mwaka juzi uvimbe ukatokea shingoni mwake mwenyewe. Kipande kilipelekwa Bukavu, jibu likarudi: kansa ya tezi. Lo! Ghafla jasiri wetu akawa bingwa wa roboti. Aliona kwenye simu kwamba huko Inde, yaani India, mashine ya upasuaji inapitia kwapani na shingo inabaki bila kovu, akataka kungoja hadi apate njia ya kusafiri. Docta Radjabu, mpasuaji wetu, alikaa naye, akamlinganishia. Kwa uvimbe kama wake, mkono na roboti vyote vinaweza kuitoa kansa vizuri. Roboti inaficha kovu, ila inachukua muda mrefu zaidi, na mshipa wa sauti uko hatarini kwa njia zote mbili. Kibaya zaidi ni kungoja. Mama alinuna siku nzima, kisha akakubali kupasuliwa hapahapa kwa mkono, kwa sharti kwamba vyombo atavipanga mwenyewe. Akavipanga kweli, amevaa gauni la mgonjwa, huku akimkaripia Docta kwa sababu ya kucha zake ndefu.

Upasuaji ulikwenda vema, lakini hofu ilibaki: je, sauti? Tulizunguka kitanda chake, sisi tuliotamani kila siku anyamaze kidogo, tukimwomba Mungu amrudishie kelele zake. Macho yakafunguka, yakashuka hadi miguuni mwa Cadette, msaidizi wake.

“Cadette, ile viatu ni ya inje! Toka nayo!”

Sauti ilikwaruza, lakini wodi nzima ilisikia. Cadette alitoka mbio huku akilia kwa furaha, na Docta Radjabu akaketi chini palepale.

Mama, asante kwa yote. Huko shambani kwako Wamaza usisahau vidonge vyako vya asubuhi, vya kushika nafasi ya tezi. Jumatatu tutaanza kazi kimya kimya, na kimya hicho hatukitaki hata kidogo. Uishi vema, Mama, uishi sana, na ukitukumbuka piga simu utugombeze.