Mgongo wa Kulala na Mgongo wa Kusimama

Kwenye basi la kwenda hospitali, fundi cherehani aliketi nyuma ya watu wawili wasiojuana, akatega sikio. Mmoja wao, mpiga plasta aliyekuwa na picha za eksirei za mgongo wake mapajani, alimgeukia mama mtu mzima aliyekaa naye.

"Mama, nisaidie. Picha ya kwanza walipima wakasema kiuno kimenyooka mno. Ya pili wakasema kimebonyea mno. Na leo wanataka jibu langu kuhusu upasuaji."

"Ulipigwa umelala au umesimama?"

"Ya kwanza nimelala, ya pili nimesimama."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Mgongo ukisimama unabadilika."

Fundi aliwajua wateja wanaobana tumbo wakipimwa, ila mgongo kufanya ujanja huo ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

"Sasa mgongo wangu ni upi? Wanataka kurekebisha huo wa kusimama, na mimi naumia nikilala!"

Mama akakuna kichwa. "Hapo umenichanganya. Wangu walisema uko sawasawa kabisa, ila kuinama siwezi, hata viatu navalishwa. Wa mume wangu umepinda, na magunia anabeba."

"Kwa hiyo nikatae?"

"Sijasema ukatae."

"Nikubali?"

"Hilo nalo sijasema. Waambie kwanza kwamba unaumia ukilala."

"Hawajaniuliza."

"Nao hawajui usichowaambia!"

Basi likasimama langoni. Mpiga plasta akainuka polepole, mkono kiunoni, mama akimshika kiwiko.

"Wa hospitali mnashuka?" kondakta akauliza.

"Tunashuka," alisema mama.

"Mimi bado nafikiria," alisema mpiga plasta, mguu mmoja ukiwa tayari chini.