Dirisha la Ukumbi wa Mieleka

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililobonyea katikati, mbele ya kibanda cha Mama Birika, na wenyewe hawabanduki hapo mpaka kahawa iishe. Siku hiyo Spana, fundi baiskeli, alikuwa na gurudumu la mteja mapajani, ila kilichofanya kazi ni mdomo. Diwani, aliyeshindwa udiwani akabaki na jina, alishika kikombe kama kipaza sauti. Katikati yao alikaa Kocha Msumari wa mieleka, mkononi ana kufuli jipya, na roho haijatulia hata kidogo. Asubuhi binti yake, nahodha wa timu, alikuwa amemwambia wazi: ukifunga lile dirisha la ukumbi, Baba, mimi na mieleka basi. Na Jumamosi kuna mashindano.

— Jana niliwakuta wachezaji wangu kwa macho yangu, alisema Kocha. Mchana kweupe, ukumbi umefungwa, wao wamepita dirishani! Kila mtu kachomeka kitambaa kiunoni, nyuma, kama mkia. Wanakimbizana kunyang'anyana. Wanacheka mpaka wanagaagaa!

— Kwenye mkeka wa mieleka? Diwani akashika kichwa.

— Ule ule ninaowatolea jasho.

— Na binti yako yumo?

— Yumo? Ndiye kinara! Kamrukia mwenzake miguuni kwa kasi ile ninayomfokea mwaka mzima. Kwangu haitoki. Pale imetoka, tena huku anacheka!

Hapo ndipo palipomuuma. Yeye mieleka aliipata kwa kutapika na kubeba magunia ya mchanga, na siku ya medali yake sikio lilikuwa limevimba kama kiazi. Hakuna aliyemchekesha.

— Funga, Kocha, alisema Diwani. Kicheko kinalegeza mbavu. Mimi uchaguzi niliupoteza kwa nini? Nilitabasamu kwenye picha.

— Uliupoteza kwa sababu mkeo alimpigia kura mwenzako, alisema Mama Birika.

— Mama, haya ni mambo ya kitaalamu!

— Nisikilizeni mimi, Spana akadakia. Shida za mtu huwa zinakwenda wapi? Shingoni. Umeshaona mwanamieleka mwenye shingo nyembamba? Zile ni shida zimejaa mle. Mtu akicheka, zinavuja.

— Eeh! akaitikia Diwani.

— Kwa hiyo wanyimwe raha kabisa. Walale kwenye misumari. Wanywe kahawa bila sukari.

— Mbona wewe unaweka vijiko vinne?

— Mimi nina shingo ya kupigania, Mama?

— Hiyo bado haitoshi, alisema Diwani, sasa kasimama kabisa. Timu nzima ikaguliwe. Anayetekenyeka, nje! Na refa awe mtu aliyefiwa.

Kocha alitikisa kichwa kukubali, ingawa hilo la refa lilimtia wasiwasi. Alikuja pale kutafuta watu wa kumuunga mkono na amewapata, lakini kufuli lilizidi kuwa zito mkononi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, mwenye lile gurudumu la mapajani mwa Spana, akisubiri pancha yake izibwe. Alikuwa amesubiri kiasi cha kuujua mjadala wote.

— Samahani, Kocha, alisema. Na kwenye mazoezi yako wewe, kuna aliyewahi kupita dirishani ili aingie?

Diwani akakaa. Spana akakumbuka ghafla kwamba ana gurudumu, akaanza kulizungusha.

— Kutoka, wapo, alisema Spana polepole. Yule mrefu, hata viatu aliviacha.

— Nyamaza wewe, alisema Diwani.

Kocha hakumkasirikia mtu. Akilini alikuwa bado anamwona binti yake akiruka, uso umefunguka hivyo, na alijaribu kukumbuka ni lini aliuona uso ule akiwa yeye mwenyewe ameshika filimbi. Hakukumbuka, na iliuma.

— Mama Birika, niongeze kidogo.

— Imeisha, Kocha. Mmeinywa yote mkilaza watoto wa watu kwenye misumari.

Akasimama, akaliweka kufuli kwenye benchi. Alipiga hatua mbili, akarudi.

— Spana, una grisi?

— Ya nini?

— Lile dirisha linakwama katikati. Mtoto ataumia mkono kabla ya Jumamosi.