Kathure na Chai Aliyokatazwa

Wachungaji, masheikh, majirani wa Stafford na Pearland, na nyinyi ndugu wa Grand Prairie mlioendesha gari saa nne nzima ili kufika hapa, familia imemteua Kimutai, rafiki wa nyumba hii kwa miaka ishirini, kuwasomea historia hii, naye amepewa amri na marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, kwamba isomwe kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma, isinong'onwe, na atakayecheka asikodolewe macho.

Marehemu Kathure Wesonga alizaliwa siku ya Jumamosi tarehe 3 Juni 1972, Nkubu, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee M'Ikiara na Mama Kagendo, wote wawili wametangulia mbele za haki, na inasemekana alilia kwa nguvu mno hata mkunga akacheka, na tangu siku hiyo hajatokea mtu wa kulalamika kwamba hakumsikia Kathure.

Alisoma shule ya msingi ya Kithirune hadi mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990 akiwa wa pili darasani, jambo ambalo hakuwahi kumsamehe yule wa kwanza, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi cha hospitali ya misheni mwaka 1991, akahitimu Novemba 1994, akaajiriwa hapo hapo katika wodi ya upasuaji, na huko ndiko alikojifunza kufunga kidonda kwa namna ambayo mgonjwa husahau kupiga kelele.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Patroba Wesonga, mwalimu wa hesabu kutoka Bungoma aliyeletwa wodini na kidole tumbo na akakawia kuondoka hata baada ya kuruhusiwa, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Whitney, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2001, ambaye mkimwona pale mbele mtadhani mama yake amerudi akiwa na miaka ishirini na minne.

Familia iliingia Marekani tarehe 9 Machi 2005, ikafikia Grand Prairie, na huko muuguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi akaanza maisha kwa kupakia masanduku ya viatu kwenye ghala, kwa sababu vyeti vyake vilikuwa bado vinasubiri kutambuliwa, na ndipo Kimutai alipomfahamu, wakisukuma toroli moja, Kathure akikariri majina ya dawa kwa sauti mpaka msimamizi akadhani ni mlokole anayeomba, na alipopata leseni yake Aprili 2009 ghala zima lilipiga makofi, hata wale wasiojua wanapigia nini.

Agosti 2013 Patroba alipata kazi ya ofisi Houston, familia ikahamia Stafford, na Kathure akaajiriwa na kampuni moja ya uuguzi wa majumbani, na sasa wapendwa kaeni vizuri, maana ndipo yanapoanza yale ambayo yeye mwenyewe aliagiza yasirukwe.

Siku ya Jumanne tarehe 4 Oktoba 2016 alitumwa nyumbani kwa Mama Ubah, Msomali wa Garissa, wakati huo ana miaka sabini na miwili, aliyekuwa akiishi na mwanawe Warsame, dereva wa lori, na ambaye kisukari kilikuwa kimemtoboa wayo wa mguu wa kulia, na agizo la daktari lilikuwa kidonda kisafishwe na kufungwa kila Jumanne na Alhamisi, la sivyo mwezi usingeisha kabla mguu haujakatwa chini ya goti. Kathure akaingia na viatu vyake, akasalimia kwa neno moja, akatazama saa, akauliza ni mguu gani, akamsifu mjukuu kwamba ni mnono kweli kweli bila kusema Mashaallah, na alipoletewa chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini akaisogeza kando, tena kwa mkono wa kushoto, akisema asante, hairuhusiwi, yaani katika dakika nne alikuwa amevunja karibu kila kinachovunjika katika nyumba ya Msomali bila kupasua hata kisahani.

Mama Ubah hakumgombeza, kwa sababu mgeni hagombezwi, alichofanya ni kuuvuta mtandio wake akafunika mguu, akasema kwa upole mkubwa kwamba kidonda leo kimelala, binti arudi siku nyingine, na Alhamisi kidonda kikawa kimelala tena, na Jumanne iliyofuata vilevile, mpaka Kathure, ambaye hakuzoea kushindwa na mgonjwa aliyeketi, akamfuata Warsame kwenye lori lake na kumuuliza mama yake ana nini. Warsame akamjibu, na familia inayanukuu maneno yake kwa ruhusa yake: "Sister, mama yangu si mkaidi. Hujakaa, hujamuuliza ameamkaje, na chai yake umekataa. Kwetu ukikataa chai ya mtu, umemkataa yeye. Sasa mguu atakupa vipi?"

Mtaelewa ugumu wa jambo lenyewe mkijua kwamba kitabu cha kampuni kilimkataza muuguzi kula wala kunywa chochote katika nyumba ya mgonjwa, hata maji, na aliyemtangulia Kathure katika mtaa ule alikuwa amefukuzwa kwa kosa la sambusa moja, na Kathure aliipenda kazi ile kupita kiasi, kwani alikuwa ameisubiri miaka minne akiwa ghalani. Jioni ile mezani Patroba alimwambia aandike tu kwamba mgonjwa amekataa huduma, sheria ni sheria, mkono wake utakuwa safi, naye akamjibu kwamba mkono utakuwa safi ndiyo, lakini mguu utakuwa kwenye ndoo.

Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2016 aliacha viatu mlangoni, akazima simu, akaingia na kuketi, akauliza Mama Ubah ameamkaje, na usingizi ulikuwaje, na wajukuu je, na yule binti wa Garissa aliyetajwa na Warsame amejifungua salama, na mvua huko imenyesha, naye akaulizwa kuhusu Whitney, kuhusu Patroba, kuhusu Meru na majani yake ya miraa, na hakuna aliyetaja kidonda kwa dakika ishirini na tano, kwa sababu mgeni haulizwi kilichomleta, husubiriwa. Chai ikaja, akaipokea kwa mkono wa kulia, akanywa, ikaongezwa, akakataa kidogo kwa adabu kama alivyofundishwa na Warsame, akaapiwa wallahi lazima, akanywa tena, na alipotua kikombe cha pili Mama Ubah mwenyewe, bila kuombwa, akainua mguu wake akauweka juu ya mapaja ya Kathure. Kathure alitusimulia tukio hilo mara zisizohesabika, na kila mara alisimama, hakuweza kulisimulia ameketi, kwa furaha.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakujua kusema uongo hata wa karatasi, kwa hiyo kwenye taarifa ya siku hiyo aliandika kwamba mgonjwa amekubali kufungwa kidonda baada ya muuguzi kunywa chai vikombe viwili, Patroba akashika kichwa akisema si ungenyamaza tu, na Jumatatu tarehe 17 Kathure akaitwa ofisini akasimamishwa kazi. Jumanne alikwenda kwa Mama Ubah kama kawaida, safari hii bila sare, kama jirani, na Alhamisi akaenda, na kila Jumanne na kila Alhamisi, na daktari alipokitazama kidonda tarehe 2 Desemba kilikuwa kimefunga, ngozi imejaa, mguu mzima, akauliza ni nani fundi huyu, akaambiwa kisa chote, akaiandikia kampuni barua ndefu. Januari 2017 wakamwita arudi, naye akarudi kwa sharti moja, kwamba kila muuguzi mpya afundishwe kwanza kuingia katika nyumba ya watu, na somo hilo alilifundisha mwenyewe mpaka alipohamia hospitali moja ya jijini mwaka 2019, na wauguzi aliowafundisha wako hapa leo, tumewaona wakivua viatu mlangoni ingawa hapa hakuna zulia.

Kuanzia hapo nyumba ya Wesonga haikuwa na Jumamosi yake tena, kwa maana Wasomali hawapigi simu kuuliza kama waje, wanakuja, na Patroba ambaye ni mtu wa miadi aliwahi kutoka bafuni na kaptula akakuta akina mama saba sebuleni, akanyoosha mkono kuwasalimu, mkono ukabaki hewani, mpaka mke wake alipomfundisha kuuweka kifuani na kuinamisha kichwa. Walimpa Kathure jina la Fanah, maana yake mwenye mwanya, Patroba akachukia kwa niaba yake, akisema mke wangu ana jina, akaelezwa kwamba kwao mtu huitwa kwa kile ambacho Mungu amemtia alama, kilema kwa ulemavu wake na mrefu kwa urefu wake, na kwamba asiyepewa jina bado ni mgeni, na juma hilohilo naye akapewa lake, Bidaar, na mkimtazama kichwani hakuna haja ya tafsiri. Kathure alijifunza kula wali na ndizi mbivu sahani moja, akajifunza kupita chumbani na chetezo cha udi baada ya chakula, na alipokuwa akicheka na akina mama wale huo mwanya wote ukiwa nje, tuliomfahamu tangu Grand Prairie tulikuwa tunamwonea wivu.

Februari 2025 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, tarehe 6 Machi akaambiwa ni saratani ya kongosho, naye akaipokea habari hiyo kwa kutuuliza sisi tunaendeleaje, akapata matibabu kwa miezi sita, na Julai, wakati yeye mwenyewe hawezi kupanda ngazi, ikajulikana kwamba kisukari kimetoboa mguu wa kushoto wa Mama Ubah. Wapendwa, saratani haikumtia Kathure wasiwasi aliotiwa na mguu ule. Akamwita Whitney, ambaye anafanya kazi ya benki na alikuwa ameapa tangu utotoni kwamba hatagusa usaha wa mtu, akamtia ndani ya gari, akaketi pembeni na mto mgongoni, akamwelekeza mshiko wa koleo, maji ya chumvi, pamba, bandeji isibane, na zaidi ya yote akamwelekeza namna ya kuingia, kuketi, kuuliza, kusubiri, siku zao zikiwa Jumatatu na Alhamisi, na Agosti alipokuwa hawezi tena kutoka, Whitney akawa anakwenda peke yake, akirudi mama anamuuliza rangi ya kidonda kabla hajamwuliza kama amekula.

Kathure aliitwa na Bwana siku ya Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake Stafford, akiwa na miaka hamsini na mitatu, mikononi mwa mume wake na binti yake, ameacha mume, mtoto mmoja, ndugu watano na wagonjwa ambao idadi yao anaijua Mungu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kama mwenzao, inawashukuru wafanyakazi wenzake waliobadilishana zamu ili asikose mtu wa kumsindikiza kwenye matibabu, inawashukuru kanisa, majirani na jumuiya yote ya Wakenya wa Houston na Dallas, na inawashukuru akina mama wa Kisomali waliofika Jumatano ileile kabla hata hatujawapigia simu watu wetu, wakachukua jiko, wakatuambia samir iyo iimaan, subira na imani, wakakataza yeyote mwenye msiba kugusa hata kijiko, kwa sababu kwao aliyefiwa hufanyiwa, hafanyi.

Shukrani ya mwisho ni ya Mama Ubah, kwa jambo ambalo wengi wenu hamkuliona, kwa maana asubuhi iliyofuata ilikuwa Alhamisi, nyumba imejaa, na Whitney akatoka chumbani na mkoba wa bandeji, akapiga magoti mbele ya Mama Ubah sebuleni, na Mama Ubah akavuta mtandio akaufunika mguu, akatikisa kichwa, akasema mtoto aliyefiwa hahudumii mtu, ni aibu, kidonda kitasubiri. Whitney, ambaye nyote mnajua ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akamwita bibi kwa Kisomali, akasema, "Ayeeyo, it's Thursday. Mum alisema Thursday." Akina mama wote wakamtazama mkubwa wao, ambaye katika miaka themanini na mmoja hajawahi kuvunja desturi mbele ya watu, na Mama Ubah akaufunua mguu mwenyewe, akauweka juu ya mapaja ya mtoto, na Whitney akaufunga, akilia, bila kubana.

Kidonda kimeanza kufunga, Mama Ubah ameingia hapa leo kwa miguu yake yote miwili. Kathure, pumzika kwa amani, Jumatatu Whitney atakwenda tena.