Dolina wa Chini ya Mirowani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Kama kuna mkate unaungua jikoni, uokoeni kwanza, maana mama tunayemkumbuka leo hakupenda chakula kiharibike.

Tunamkumbuka Dolina MacIlurran. Dolina wa posta. Dolina, katibu wa chama cha ukoo wa MacIlurran. Ametutoka wiki iliyopita, alasiri, akiwa kwenye kiti chake cha jikoni, birika la chai likiwa bado na joto ndani ya kofia yake ya sufu. Alikuwa na miaka themanini na sita. Tulimzika Alhamisi, hapa bondeni kwetu Glen Urran, na mvua ilikuwa na adabu: ilingoja mpaka watu wakaingia ukumbini.

Dolina alizaliwa bondeni hapa, na bondeni hapa alifanya kazi maisha yake yote. Hakuolewa. Wakimuuliza kwa nini, alijibu, "Nimeolewa na ukoo mzima. Na wote hawajui kupika."

Kazi yake ilikuwa posta. Alisoma anwani zilizoandikwa na vikongwe, na madaktari, na watu waliotoka baa. Hakuna barua iliyompotea. Lakini mwandiko wake mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye unga. Mpwa wake, Catriona, ametusimulia huku akicheka na kufuta macho:

"Shangazi akikuachia ujumbe mezani, inabidi umpigie simu umuulize ameandika nini. Naye anakwambia, 'Hebu nisomee basi, nijue.' Unamwambia, 'Shangazi, ningeweza kusoma ningekupigia?' Anakata simu."

Huo mwandiko ukumbukeni. Tutaurudia.

Jioni, akishatoka posta, meza yake ya jikoni iligeuka ofisi ya chama. Watu wa ukoo walimwandikia kutoka Kanada, kutoka Australia, kutoka Nyuzilandi. Wengi waliuliza swali lilelile: wazee wetu walitoka nyumba gani? Na Dolina alijua. Walitoka Ballurran, kile kijiji cha juu, mlimani. Katika siku za kufukuzwa, mwenye ardhi aliwatoa watu wote wa Ballurran. Mapaa yakachomwa moto. Malisho wakapewa kondoo. Watu wakapanda meli wakaenda zao, na hawakurudi. Ballurran pakabaki kuta fupi za mawe, na miti.

Hiyo miti ndiyo habari yetu. Huku kwetu kila nyumba ya zamani ilipandiwa mrowani mlangoni, ule mti mwembamba wa vishada vya matunda mekundu, ili uchawi usipite. Mrowani haukatwi. Paa linaanguka, ukuta unaanguka, mrowani unabaki. Kwa hiyo ukipanda Ballurran ukaona mrowani umesimama peke yake kwenye majani, jua hapo palikuwa na mlango wa mtu. Ndiyo maana kauli ya ukoo, ile wanayoitamka kwa pamoja kila mkutano wa kiangazi kwa Kigaeli, lugha yetu ya zamani, ni Fo na caorainn. Chini ya mirowani. Yaani, nyumbani.

Mgeni akifika kutoka ng'ambo, Dolina alimpandisha mlimani kwa miguu. Alimsimamisha mbele ya mrowani mmoja, akamwambia, "Hapa ndipo mlangoni kwenu. Futa viatu."

Mgeni anacheka. Nyumba haina paa, haina sakafu, magugu yamefika kiunoni. Dolina hacheki. "Bibi yenu alipafagia hapa mpaka siku ya mwisho. Futa viatu."

Na mgeni, mtu mzima, kamera shingoni, anafuta viatu vyake kwenye majani. Halafu anaingia. Wengi walianza kulia palepale, kabla hawajaona chochote cha kuliza.

Lakini mirowani ya Ballurran ilikuwa inakufa. Ilikuwa imezeeka, na kila dhoruba iliangusha mmoja. Miche ilichipua, ikaliwa. Ilichipua tena, ikaliwa tena. Ililiwa na kondoo. Kondoo wa nani? Kondoo wa Torquil. Na Torquil alikuwa nani? Torquil MacIlurran alikuwa mwenyekiti wa chama.

Msimchukie. Torquil ni mfugaji, na malisho yale aliyapata kwa baba yake. Kila mwaka Dolina alimwomba azungushe ua pale Ballurran. Na kila mwaka walirushiana maneno yaleyale.

"Dolina, kondoo wangu hawali historia."

"Wanaila, Torquil. Tena wanaitafuna polepole, kama wewe na nyama."

Sasa sikilizeni. Yapata miaka thelathini iliyopita, chama nacho kilikuwa kinakufa. Wanachama wamezeeka, vijana wamekwenda mijini, mikutano ina viti vingi kuliko watu. Torquil akaamua: mkutano wa kiangazi kile ungekuwa wa mwisho. Mchana watu wangekusanyika Ballurran. Jioni, ukumbini, wangepiga kura wakifunge chama. Bendera ya ukoo na kengele ya kanisa la zamani vingepelekwa makumbusho ya mjini.

Catriona anakumbuka jinsi shangazi yake alivyokaa siku nyingi bila kuimba jikoni. "Hakuhuzunikia ukatibu," anasema. "Aliniambia, 'Catriona, chama kikifungwa, nani atapanda kule juu? Na mrowani wa mwisho ukianguka, nani atajua mlango ulikuwa wapi?'"

Hilo tu ndilo alilolitaka Dolina. Milango ya Ballurran isipotee.

Aliomba jambo moja kabla ya kura. Pale Ballurran kuna rundo la mawe ya kumbukumbu; kila mgeni huongeza jiwe lake. Dolina aliomba lipachikwe kibao cha shaba chenye kauli ya ukoo. Torquil akakubali, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa kipande cha keki. Dolina akaandika maneno yale kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea fundi wa vibao mjini. Fundi hakujua Kigaeli. Alichonga alichokiona.

Siku ikafika. Watu walikuja kuliko ilivyotarajiwa. Mpiga zumari alikuwapo, mashavu yamevimba. Alikuwapo pia Hector, mzee wa ukoo kutoka Cape Breton, kule Kanada, ambako watu wetu walishuka melini wakaendelea kusema Kigaeli kana kwamba hawajaondoka. Torquil, ndani ya kilti ya baba yake, ile sketi ya sherehe ya wanaume, akashika kitambaa, akakivuta.

Kibao kikasema: Fo na caoraich.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mliosahau lugha ya bibi zenu, na hatuwalaumu: caorainn ni mirowani. Caoraich ni kondoo. Tofauti ni herufi mbili za mwisho. Kibao cha shaba, kwenye ardhi ya watu waliofukuzwa ili kondoo wapate malisho, kilisema: Chini ya Kondoo.

Wasiojua lugha walipiga makofi. Waliojua walimgeukia Torquil. Mpiga zumari akaishiwa pumzi, na zumari likatoa mlio kama bata aliyekanyagwa. Nyuma ya ukuta, kondoo mmoja wa Torquil akainua kichwa kuona nani kamtaja.

Uso wa Torquil ulikuwa mwekundu kuliko matunda ya mrowani. "Dolina! Umenitukana mbele ya dunia nzima!"

"Mimi tena? Ni mwandiko wangu, Torquil. Si unaujua?"

"Naujua! Miaka yote mwandiko wako haujawahi kusema kitu kinachoeleweka, leo ndio umeamua kueleweka?"

Akakitupia kibao kitambaa chake. "Kifunikeni. Na chama tunakifunga jioni hii, tena bila hotuba."

 Wale waliomwona Dolina wanasema alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliye kituoni ambaye basi limemwacha.

Ndipo Hector akacheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kukalia. "Mwenyekiti," akasema, "kiache wazi, tafadhali. Nimetembelea makumbusho mengi, hiki ndicho kibao cha kwanza kisichodanganya. Babu zangu waliishi chini ya mirowani. Halafu wakaletwa kondoo. Sehemu ya kwanza mnaitamka kila mwaka. Ya pili ilikuwa haijaandikwa mahali."

Akainuka, akajipangusa. "Haya, dada katibu. Nimetoka mbali. Mlango wa kwetu uko wapi?"

Dolina akampeleka hatua chache kutoka pale kwenye mawe. Hapakuwa na mrowani. Palikuwa na kisiki, na ubavuni mwa kisiki chipukizi lenye urefu wa kidole, ncha yake imeng'atwa.

Hector akafuta viatu. Akachuchumaa. "Ndio huu?"

"Ndio huo. Kila mwaka unachipua. Kila mwaka unaliwa."

Mzee aligusa ile ncha iliyong'atwa, hakucheka tena.  Akamtazama Torquil. Na Torquil akatazama viatu vyake mwenyewe, halafu, polepole, akavifuta kwenye majani.

Jioni ukumbini supu ilikuwa ya kondoo, na hakuna aliyethubutu kusema lolote. Torquil akasimama. Watu wakaweka vijiko chini. Dolina akafumba macho.

"Nina nguzo za ua nyuma ya banda langu," akasema Torquil. "Zimelala tu. Nahitaji watu wa kunishikia kesho asubuhi."

Akakaa. Watu wakangoja aseme habari ya kura. Hakusema. Mwisho Dolina akamsukumia bakuli.

"Kula, Torquil. Supu inapoa."

Hivyo ndivyo chama cha ukoo wa MacIlurran kilivyonusurika. Asubuhi yake wageni wa Kanada na Nyuzilandi walichimba mashimo ya nguzo wakiwa na viatu vyao vya sherehe. Kondoo wakatolewa nje ya ua, na rundo la mawe likabaki ndani. Lile chipukizi likapata majani, likapata shina. Tangu hapo, kila anayefika anapanda mrowani kwenye mlango wa kwao. Watoto waliokuja wamebebwa mgongoni wamerudi na watoto wao. Chama kina vijana leo, na hao ndio waliobeba jeneza la Dolina.

Fundi alitaka kuchonga kibao kingine. Aliyekataa ni Torquil. "Kiacheni," alisema. "Nimekwisha kukizoea."

Bondeni hapa watu hawakuacha kuulizana: Je, Dolina alikosea, au alikusudia? Aliulizwa dukani, aliulizwa kanisani, aliulizwa na mchungaji mwenyewe. Jibu lake lilikuwa lilelile. "Mwandiko wangu mbaya." Kisha anageuza mazungumzo, anakuongezea biskuti.

Alhamisi, makaburini, Catriona alishika kamba ya kichwani kumteremsha shangazi yake. Kamba ya miguuni alishika Torquil. Naye sasa ni mzee, anatembelea fimbo, lakini alimpa mtu fimbo akaishika ile kamba kwa mikono yote miwili mpaka jeneza likafika chini. Baadaye, getini, alikubali kusema nasi kidogo.

"Nilikwenda kumwona mwezi uliopita," alisema. "Nikamwambia, 'Dolina, sisi wote ni wa kuondoka. Niambie sasa. Ulikusudia?' Akanitazama. Akaniuliza, 'Mirowani mingapi kule juu, Torquil?' Nikamwambia, 'Sijui. Mingi. Siku hizi siwezi hata kuihesabu.' Akasema, 'Basi unauliza nini?'"

Torquil alicheka, halafu akaomba fimbo yake.

Wasikilizaji wapendwa, redio yenu inakupa pole wewe Catriona, uliyemtunza shangazi yako na kumsomea barua macho yake yalipochoka. Pole, mzee Torquil. Pole kwa Hector, ambaye uzee haujamzuia kupiga simu kutoka Cape Breton na kututaka tuseme kwamba mti wa kwao una ndege. Poleni wana MacIlurran popote mlipo. Tunaona huzuni, lakini zaidi tunaona shukrani. Tulipewa Dolina, tukakaa naye muda mrefu, na mengi tuliyodhani yamepotea aliyashika kwa niaba yetu.

Kabla hujalala leo, kaa karibu na mkubwa mmoja wa nyumbani kwako. Muulize mlango wenu ulikuwa wapi. Mwache aseme, hata akirudia. Na ukibahatika kupanda Ballurran, futa viatu. Kile kibao kiko palepale kwenye mawe, na bado kinasema Chini ya Kondoo. Ila itakubidi utenge matawi ya mirowani kwa mikono miwili, ndipo uweze kukisoma.