Efraimu Lesian na Kibuyu cha Mama Mkwe

"Kidudu cha kuniua mimi bado hakijazaliwa, na siku kikizaliwa nitakijua mpaka jina la baba yake!" Marehemu Efraimu Lesian aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, viwanja vya Nane Nane, Njiro, Agosti 2017, mbele ya umati uliokuja kuangalia ng'ombe wa maonyesho. Watu walipiga makofi. Ng'ombe walikaa kimya, na baadaye ilionekana kwamba wao ndio waliokuwa na taarifa kamili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1969 Olkokola, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Lesian na mama Elinipa. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkunga alifika akifuata sauti za waliokuwa wakimwita, kama mtu anayefuata kamba. Marehemu alipenda kusema kwamba kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa weupe mtupu, na kwamba tangu siku hiyo hakuamini kuwa mahali usipoona kitu hapana kitu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari huko Moshi, na mwaka 1993 alihitimu stashahada ya maabara za tiba. Aliimaliza, jambo ambalo katika ukoo huu si la kila mtu. Chuoni ndipo alipokutana na hadithi aliyoibeba maisha yake yote: ya kisiwa cha Malta, ambako askari waliugua homa ya kwenda na kurudi, wengine wakafa. Daktari mmoja wa jeshi alitafuta ndani ya wengu za waliokufa, akakiona kidudu chenyewe kwenye hadubini. Lakini kiliingiaje kwa watu? Walilaumu hewa, wakalaumu vumbi, wakalaumu mitaro. Ilipita karibu miaka ishirini ndipo daktari mwingine, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, alipopima damu za mbuzi waliopitishwa nyumba kwa nyumba wakikamuliwa mlangoni. Kidudu kilikuwa kwao, na kwenye maziwa yao.

"Mbuzi wazima kabisa," marehemu alikuwa akisema, macho yamekwenda mbali. "Wananenepa. Wanakusalimia mlangoni."

Mwaka 1994 aliajiriwa katika maabara ya kituo cha afya Kikatiti, akabaki hapo mpaka nguvu zilipomwishia. Wanafunzi wa mazoezi aliwafundisha hivi: "Kidudu unakishika kwa mgonjwa. Unakilea peke yake. Unakiweka kwa mnyama mzima, anaugua vilevile. Unakishika tena. Hapo ndipo unasema ndiye. Kabla ya hapo ni umbea." Dada Agnela, aliyefanya naye kazi meza moja, anakumbuka kwamba kila mgonjwa aliulizwa, "Maziwa unakunywaje?" Hata aliyevunjika mguu aliulizwa.

Desemba 1999 marehemu alifunga ndoa na Namelok, binti wa Bibi Simaloi wa Oldonyosambu, ambaye wote tunamwita Koko, yaani bibi. Ndoa yenyewe nusura isifike. Siku ya posa alipewa kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti wa oloirien, ndani mna maziwa mabichi, ya baridi, yananukia moshi. Kijana na stashahada yake akauliza, "Yamechemshwa?"

Boma zima likamgeukia. Katika nyumba ile iliaminika kwamba ukichemsha maziwa unaziunguza chuchu za ng'ombe aliyeyatoa.

"Kijana," mjomba wa bibi harusi akasema, "umekuja kuoa au kukagua?"

Marehemu alikinywa kibuyu mpaka tone la mwisho, akaomba kingine, akapewa mke. Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alipanda Oldonyosambu kusalimia ukweni, na kibuyu kilimsubiri. Nyumbani kwake Olasiti maziwa yalichemshwa mpaka yakaomba msamaha. Ukweni alikuwa mkwe tu. Kwa heshima ya mila, yeye na Koko hawakutazamana usoni wala kuongea ana kwa ana. Kibuyu ndicho kilichosema yote: kwamba amepokelewa, kwamba ni mtoto wa nyumba.

Mwaka 2020 homa ilianza. Ilikuja jioni, ikaondoka alfajiri, ikamwacha ameloa jasho na kiuno kinauma. Zahanati tatu, ambazo hatuzitaji kwa kuwa mojawapo imetoa rambirambi, zilimtibu malaria, taifodi, kisha malaria tena. Katika homa hizo aliwaona mbuzi weupe wakishuka Mlima Meru kupitia mawinguni, kwato zao hazina sauti, wakisimama kila mlango wa Olasiti.

"Namelok, wamefika kwa jirani."

"Akina nani?"

"Mbuzi."

"Lala, baba Frederick."

Mtu aliyepima damu za wilaya nzima hakuwa amepima ya kwake. Majigambo ya Nane Nane yalimfunga mdomo. Mwishowe Dada Agnela alimkalisha kwenye kiti, akamtoa damu bila kumuuliza, na majibu yalipotoka akamwambia, "Kaka Efraimu, yule uliyesema hajazaliwa, amezaliwa. Na baba yake unamjua."

Ilikuwa brusela, homa ileile ya Malta. Alipewa dawa za wiki sita, akazimeza zote, na kila Jumapili ya wiki hizo alimeza na kibuyu.

"Wewe ni mzima kweli?" Agnela alimuuliza.

"Nikikikataa kibuyu, Koko atajua ni yeye."

Basi akapona nusu, akaugua tena, akapona robo. Angeendelea hivyo hivyo mpaka leo. Lakini Juni 2023 binti yake Sabina alirudi kutoka likizo kwa bibi yake akiwa na homa ya jioni. Marehemu alimgusa paji la uso, akavaa koti, akapanda Oldonyosambu siku isiyo Jumapili.

Alimkuta Koko akimkamua ng'ombe wake mwekundu, Nado. Akasimama upande wa pili, akaongea na ng'ombe.

"Shikamoo, Nado."

"Marahaba," akajibu Koko, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Nado, kuna kisiwa mbuzi wake walikuwa wazuri kama wewe. Hawakukohoa, hawakukonda. Na watu walikufa."

"Nado, mwambie mkwe wangu nimelea watoto saba kwa kibuyu hiki."

"Nado, mimi ni wa nane, na ninaumwa. Sasa na Sabina anaumwa."

Sauti ya maziwa kwenye kibuyu ikakatika. Ukungu ulikuwa unateremka, mpaka wote watatu wakawa kama wamechorwa kwa chaki.

"Tangu lini?"

"Mimi, miaka mitatu."

"Na ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Nado," Koko akasema, "huyu mtu amesoma mpaka wapi?"

Sabina alitibiwa, akapona. Lakini kwa bibi yake hakupelekwa tena, maana kuhusu kuchemsha maziwa Koko alisema atafikiria, na alifikiria zaidi ya mwaka.

Wakati huo kidudu kilikuwa kimeufikia moyo wa marehemu. Januari 2025 alilazwa hospitali, na kwa mara ya kwanza Koko Simaloi alishuka mjini na chupa ya chai iliyojaa maziwa kwapani. Alivuta kiti, akamtazama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya posa.

"Efraimu. Kunywa. Yamechemka."

"Na chuchu za Nado?"

"Zipo."

Akanywa. "Mama, hayana ladha."

"Najua."

Jumatano tarehe 12 Februari 2025, asubuhi, mlima ukiwa umefunikwa wote, alimwambia Namelok kwamba mbuzi wanapanda kurudi. Kisha akatutoka.

Aliacha agizo moja: "Andikeni kilichoniua. Msiandike 'baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Niliugua muda mrefu, na nilijua." Familia ilisita kwa ajili ya Koko. Koko mwenyewe alisema, "Isomwe, na mimi nikae mbele." Amekaa mbele.

Marehemu ameacha mama yake Elinipa, mjane wake Namelok, watoto wawili Frederick na Sabina, mama mkwe wake Simaloi, na Nado, ambaye hajaungua popote.

Lala, baba Frederick. Mbuzi wamepita.

Baada ya mazishi tutakunywa chai nyumbani. Maziwa ni ya Koko, yamechemshwa, na Sabina ndiye atakayemimina. Amerudi kuishi likizo zake kwa bibi. Koko anayauza pia, yakiwa yamechemshwa, pale barabarani Oldonyosambu. Lita moja ni shilingi elfu mbili.