Ngazi ya Buluu

Benchi lile liko mbele ya karakana ya seremala, na babake ndiye aliyelitengeneza kwa mlango wa nyumba yao ya zamani. Ukikaa upande wa kushoto, pale kitasa kilipobanduliwa pamebaki tundu linaloshika kitako cha kikombe sawasawa. Alasiri, kazi ikipoa, hukaa hapo watu watatu. Wa kwanza ni seremala mwenyewe, aitwaye Randa kwa sababu hasemi neno mpaka amelilainisha. Wa pili ni Kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye birika la kahawa na maoni juu ya kila kitu. Wa tatu ni Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku: alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini, akastaafu na jina. Kwa wiki mbili Hakimu alikuwa akiwasimulia riwaya nene ya Warusi wa zamani, kitabu kisicho na jalada, habari za kijana aliyeua, asionekane na mtu, kisha akaugua yeye. Siku hiyo walikuwa wamefika kwenye homa.

— Hakuna aliyemshuku, alisema Hakimu. Na bado analala na viatu, anatetemeka, anaongea na ukuta. Haya, nielezeni.

— Njaa, alisema Kinyozi. Umesema hajala siku ngapi?

— Mbili.

— Basi. Mwenye njaa hata akiua mbu anaweweseka. Wangempa uji, kitabu kingeishia ukurasa wa hamsini.

— Watu wanakisoma kitabu hiki zaidi ya miaka mia, wewe unakimaliza kwa uji?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje hapo?

— Unga wa uji si unapimwa kwa kibaba?

Hakimu aliinua macho mbinguni. Randa hakucheka. Alikuwa akipiga msasa mguu wa kigoda, mguu uleule tangu mchana, na ulikuwa umeanza kuwa mwembamba kuliko wenzake.

— Haya, kama si njaa ni chumba, Kinyozi aliendelea. Dari liko chini. Mawazo yakipanda yanagonga, yanarudi kichwani. Na nywele! Mwenye hatia nywele zake hazilali. Napitisha kitana, zinasimama. Mimi wezi wa mtaa huu ningewakamata wote kwa kitana.

— Polisi wamekukosa.

— Wamenikosa sana. Halafu kumbuka, damu nzito kuliko maji. Ndiyo maana haioshwi.

— Methali hiyo ni ya ndugu, bwana!

— Kwani aliyeuawa hakuwa na ndugu?

Msasa wa Randa ulisimama.

— Nitawaambia nilichokiona mimi, Hakimu alisema baadaye, kwa sauti ya chini. Anayekana hutoka jasho hata siku ya mvua. Akishasema "ni mimi," anaomba maji. Nilimwona mmoja alisinzia palepale kizimbani, kabla hajasomewa hukumu. Alikuwa hajalala miezi minne.

— Na kama hakukusudia? aliuliza Randa.

Wote wawili walimgeukia. Tangu juzi alikuwa hajatia neno.

— Nani, huyu Mrusi? Alikusudia, tena alipanga.

— Mwache huyo. Sema mtu mwingine. Hakushika silaha. Kafanya jambo dogo, la kazini tu, mtu akafa.

— Huyo hana kosa, alisema Kinyozi. Ajali haina kinga. Kunywa kahawa yako.

Hakimu alijikuna kidevu.

— Kwetu pale swali lilikuwa moja tu. Alijua, au hakujua?

Randa alijua. Mguu wa kulia wa ngazi aliyomtengenezea Fundi Rangi, hatua ya tano kutoka chini, ulikuwa na fundo lililooza katikati. Ukilidonoa kwa patasi linatoa unga. Mbao nyingine nzuri hakuwa nayo, na Fundi Rangi alikuwa ameshapita mara tatu kuiulizia. Akalijaza unga wa mbao na gundi, akalisugua, kisha akafanya jambo ambalo katika ukoo wao halikuwahi kufanywa: aliipaka ngazi rangi. Ya buluu. Babake alikuwa akimwambia, tangu hajaweza kushika nyundo, kwamba ngazi haivishwi nguo, kama mgonjwa mbele ya daktari. Ya babake ilikuwa bado ukutani mle karakanani, tupu, mbao zake zimegeuka kijivu, kila ufa ukisomeka.

Fundi Rangi aliipokea akicheka. "Leo na mimi nimepakiwa!" alisema. Siku ya tisa alianguka kutoka ukuta wa shule, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Alikuwa mnywaji, kila mtu alijua, na kila mtu akasema: pombe. Randa alikwenda kuzika. Alishika jeneza upande wa kichwani.

— Hodi hapa.

Alikuwa mjane wa Fundi Rangi. Begani alibeba vipande viwili vya buluu, vimefungwa kwa kamba.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, shemeji zangu.

— Marahaba, mwanangu, alisema Hakimu, akasogea. Karibu, kaa.

— Sikai. Nimeleta kazi. Shemeji Randa, mdogo wangu anaanza kupaka rangi Jumatatu. Nimeona tusipoteze. Niunganishie.

Aliiweka ngazi chini. Iliangukia upande, na pale ilipokatika pakaonekana: ukingoni mbao, katikati kitu cha rangi ya mkate, kikavu, kimemeguka. Kinyozi alitazama, akanywa kahawa. Si fani yake.

— Itashika? aliuliza mjane.

Randa aliinamia pale palipokatika. Mjane alidhani anapima kazi, akamwachia nafasi. Macho yake yakaingia karakanani, yakapanda ukutani.

— Ile nayo ya zamani?

— Ya baba.

— Mbona haina rangi?

Kinyozi, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu tangu saa nane, alifikiri labda ni umaskini wa zamani, akaona halitoshi. Hakimu alimtazama Randa, akaitazama ngazi ya buluu, akamtazama tena Randa. Kisha taratibu akakifunga kitabu bila kuweka alama.

Randa aliweka mguu wa kigoda chini. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko.

— Ngazi haipakwi, shemeji. Rangi inaficha nyufa.

— Hii si uliipaka?

— Niliipaka ili nifiche. Mbao ilikuwa imeoza hapo. Nikajaza gundi. Nilijua.

Mjane aliinama, akaingiza kidole kwenye ile sehemu ya rangi ya mkate. Ilimeguka, ikamwagika kiganjani. Aliangalia kiganja muda mrefu.

— Asubuhi ile alikunywa chai tu, alisema. Niliipika mwenyewe. Mama mkwe anasema nilimwacha mwanawe atoke amelewa. Wiki ya sita hii hali chakula changu. Nikafika mahali nami nikasema, labda sikumtazama vizuri.

— Alikuwa mzima, shemeji. Ngazi ndiyo iliyovunjika.

Kinyozi aliinama kuongeza kahawa, apate la kufanya. Birika lilitoa machicha tu.

Walidhani atapiga kelele. Hakimu alikwisha kunyoosha mkono amshike. Lakini mjane alikung'uta kiganja, akafunga upya kamba, akausukuma ule mzigo kwa mguu hadi mbele ya Randa.

— Ubebe wewe, alisema. Twende kwetu, sasa hivi. Na mama mkwe wangu masikio yamekwenda, huyo. Itabidi useme kwa sauti.